Kofia ya jino ikilegea: itazame ndani kabla hujatafuta gundi

Ilikuwa jioni ya Ramadhani, adhana ya magharibi imetoka punde, nami nafungua kwa tende kama kila siku. Nikahisi kitu kigumu juu ya ulimi, nikadhani ni kokwa. Hapo nikakumbuka kwamba kokwa nilishaitoa kwa vidole kabla tende haijaingia mdomoni. Nilichotema kiganjani kilikuwa kofia ya gego langu la chini, niliyovishwa miaka sita kabla. Haikuuma hata kidogo. Kilichonishtua ni kupitisha ulimi na kukuta kisiki kifupi chenye kingo kali mahali nilipozoea jino zima.

Namwandikia mtu aliye katika dakika hiyo sasa hivi, kofia mkononi. Namwandikia pia yule ambaye yake haijatoka bado, ila inacheza akiigusa kwa ulimi, inabonyea anapouma chakula, au inamwachia ladha ya uvundo upande mmoja kila asubuhi. Wote wawili wana jambo moja la kufanya kabla ya kuuliza gundi gani inafaa, nalo ni kujua kofia imetoka kwa nini. Mara nyingi jibu limo ndani ya kofia yenyewe.

Nasema kofia kwa kuwa ndivyo tunavyoiita kwetu. Wengine husema taji, na kliniki nyingi siku hizi husema krauni. Ni ganda la chuma, la kauri, la zirkonia, au la chuma kilichofunikwa kauri, linalovikwa juu ya jino lililochongwa na kugandishwa kwa simenti ya meno.

Hatua ya 1: Itoe mdomoni na uihifadhi

Kama imeshatoka, iteme. Kama inacheza tu, ijaribu kwa vidole viwili vikavu, ukiivuta kwa kufuata mwelekeo wa jino. Ikitoka kwa urahisi, itoe. Ikigoma, iache, utafunie upande wa pili, na uwahi kliniki. Usiichokonoe kwa kisu, sindano wala koleo, maana unaweza kuvunja kisiki ambacho bado kingefaa.

Haraka hii ni kwa ajili ya koo. Kofia iliyolegea huweza kutoka usiku umelala, ukaimeza au ukaivuta kwenye njia ya hewa. Ukiimeza, kwa kawaida hupita tumboni na kutoka kwa choo baada ya siku kadhaa bila madhara. Lakini ikiwa imepotea mdomoni na ukaanza kukohoa mfululizo, kupumua kwa mluzi au kuhisi kifua kinabana, nenda hospitali saa hiyo hiyo upigwe picha ya kifua. Nenda hata kama kikohozi kimetulia baadaye. Kitu kilichoingia kwenye pafu, mara nyingi la kulia kwa sababu njia yake ya hewa ni pana na imenyooka zaidi, kinaweza kukaa kimya kwa siku nyingi huku kikileta maambukizi.

Ioshe kofia juu ya bakuli, si juu ya sinki lenye tundu wazi. Kisha itie kwenye kiboksi kigumu au kichupa cha dawa kilicho safi. Usiifunge kwenye tishu. Tishu hutupwa na mtu anayefagia, na kofia moja ni fedha nyingi.

Hatua ya 2: Itazame ndani

Washa tochi ya simu, simama mbele ya kioo, na ugeuze kofia uone tundu lake. Kisha tazama kisiki. Dakika tano hizi zitakueleza zaidi kuliko ushauri wowote utakaopewa na majirani.

Ukikuta tundu tupu, lenye utando mgumu wa simenti nyeupe au ya kijivu, na kisiki ni kizima, kigumu, chenye umbo la kigingi kidogo, shukuru. Hapo simenti ndiyo iliyochoka. Mate huilamba kidogo kidogo kwa miaka, na siku moja tende, halua au kashata humalizia kazi. Kofia hiyo hiyo huenda ikarudishwa katika kikao kimoja, nawe ukaendelea nayo miaka mingine.

Ukikuta tundu limejaa, na kilichojaa kinafanana na jino au kijazio, basi kisiki kimekatika na sehemu yake imetoka pamoja na kofia. Tazama kilichobaki mdomoni: je, kuna jino lolote linaloonekana juu ya ufizi? Swali hili ndilo litakaloamua mengi. Ili kofia mpya ishike, daktari hutaka ukingo wa jino zima wa takriban milimita 2 kulizunguka jino juu ya ufizi. Ukingo huo ukikosekana, huenda akalazimika kuliinua jino au kupunguza ufizi, na mara nyingine kuling'oa.

Ukiona kitu kama msumari mdogo kinachomoza ndani ya kofia, hiyo ni nguzo iliyokuwa imeingizwa kwenye mzizi wa jino lililotolewa mshipa wa fahamu. Hiyo usijaribu kabisa kuirudisha mwenyewe. Ukiisukuma ikiwa imepinda kidogo tu, mzizi unaweza kupasuka kwa urefu, na mzizi uliopasuka hivyo kwa kawaida hauna tiba ila kung'olewa.

Na ukiona rangi ya kahawia au nyeusi, kitu laini kama jibini, chenye harufu nzito, huo ni uozo. Watu wengi hudhani jino lililovikwa kofia haliwezi kuoza tena. Kofia haiozi, kweli, lakini jino huendelea kuwa jino pale linapokutana na ukingo wa kofia, karibu na ufizi, ambako ndiko mswaki hufika kwa shida. Uozo huingilia hapo, ukala kisiki polepole, mpaka kofia ikabaki imekaa juu ya kitu kilichokwisha. Kuigandisha tena juu ya uozo ni kuufungia ndani uendelee kula.

Piga picha tatu: ndani ya kofia, kisiki kikionekana kwa juu, na upande. Mtumie daktari wako kwa simu. Hawezi kutibu kwa picha, lakini atajua akupangie muda wa nusu saa au wa saa nzima, na atakuambia kama hali yako inaweza kungoja mpaka Jumatatu.

Hatua ya 3: Jua kama jino lako bado liko hai

Hapa ndipo nimeona watu wa karibu nami wakipoteza meno. Jino ambalo mshipa wake haujatolewa litakuambia lenyewe: maji baridi, chai ya moto, hata hewa ukivuta pumzi kwa mdomo, vyote vitachoma. Mwenye jino hilo huenda kliniki kesho yake. Jino lililokwisha kutibiwa mzizi halisemi kitu. Mwenye nalo hula, hulala, hufanya kazi zake, na kofia inakaa kabatini.

Mama yangu mdogo aliitunza ya kwake kwenye kitambaa ndani ya sanduku la dhahabu zake kwa miezi minne. Alikuwa akingoja mavuno, na kwa kuwa hapakuuma, hapakuwa na haraka. Aliporudi kwa daktari, kofia haikuingia tena. Meno ya jirani yalikuwa yameegemea nafasi iliyo wazi, la juu limeshuka, ufizi umepanda juu ya ukingo wa kisiki, na kisiki chenyewe kimelainika kwa uozo. Jino likang'olewa. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie kwamba haumwi hivyo atangoja.

Kwa hiyo piga simu siku ile ile, au siku ya kwanza ya kazi. Lenga kuonekana ndani ya siku mbili tatu. Wiki moja ukiwa mbali. Ikiwa iliyotoka ni kofia ya muda, ile ya plastiki unayopewa huku ukingoja ya kudumu, usiidharau kwa kuwa ni ya muda. Simenti yake imefanywa dhaifu makusudi ili itoke kwa urahisi, lakini ndiyo inayoyazuia meno yasihame. Yakihama hata kidogo, ile ya kudumu iliyotengenezwa maabara haitakaa.

Hatua ya 4: Gundi

Gundi ya viatu na ile ya matone inayoshika kila kitu, hapana. Najua inauzwa kila duka, bei yake ni ndogo, na kuna mtu atakuambia yake imekaa mwaka mzima. Gundi ile hutoa joto inapokauka, na joto hilo pamoja na kemikali zake huunguza ufizi na kuumiza jino lililo hai. Hukauka kwa sekunde chache, kwa hiyo kofia ikikaa juu kidogo kuliko inavyopaswa, hata kwa unene wa karatasi, hakuna kuirekebisha, na kila unapofumba mdomo uzito wote wa taya unaangukia jino hilo moja. Juu ya hayo, daktari hushindwa kuiondoa ndani ya kofia. Kofia ambayo ingerudishwa kwa kusafishwa tu inaishia kukatwa, na unalipia nyingine.

Kinachoruhusiwa ni kushikiza kwa muda, tena ikiwa umeona tundu tupu na kisiki kizima. Famasi kubwa za mijini huuza simenti ya muda ya meno kwenye vichupa vidogo. Ikikosekana, gundi ya kushikilia meno bandia inafaa. Kwa saa chache za mkutano au harusi, hata mafuta ya mgando kidogo ndani ya kofia huishikilia.

Anza kwa kusugua kisiki taratibu na kusafisha ndani ya kofia kwa mswaki laini. Kisha ijaribu kavu, bila kitu chochote, mpaka ujue upande upi ni wa mbele na upi wa nyuma. Magego hudanganya, na ukikosea mwelekeo haitashuka. Fumba meno polepole. Kama inagusa kabla ya mengine, itoe na uache mpango huo. Kama imekaa sawa, kausha kisiki kwa pamba, tia simenti kiasi cha punje ya mchele ndani ya kofia, ivike, uma pamba safi kwa upole dakika chache, halafu futa kilichofurika. Usiku itoe, isipokuwa umetumia simenti ya muda na imeshika imara.

Ukiona kazi hii inakushinda, iache kofia kwenye kiboksi. Kisiki kitunzwe wazi kikiwa safi. Kipige mswaki kwa upole mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, hata kama unaogopa kukigusa, maana kisiki hakina tena ile ngozi ngumu ya nje na huoza upesi kuliko jino zima. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi. Kula ugali, wali, samaki, ndizi za kupika, upande wa pili. Muwa, mahindi ya kuchoma, bisi, karanga, kashata na barafu vingoje.

Mtoto ni jambo jingine. Zile kofia za chuma kinachong'aa zinazovikwa magego ya utotoni zikitoka, usimrudishie. Iweke, mpeleke kliniki, na usimwachie aichezee mdomoni.

Hatua ya 5: Ikiuma

Bibi zetu wa pwani waliweka karafuu kwenye jino, na hawakukosea. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, kitu kinachotia ganzi na kutuliza. Ndicho hicho madaktari wa meno wamekuwa wakikichanganya na unga wa oksidi ya zinki kwa zaidi ya miaka 100 kutengeneza simenti ya muda na vijazio vya kutuliza jino. Harufu unayoikuta ukiingia kliniki ya meno ni harufu ya Pemba wakati wa kuanika karafuu. Napenda sana kulijua hilo nikiwa nimekaa kwenye kiti kile.

Tumia kwa kipimo: tone moja la mafuta kwenye pamba ya masikio, ugusishe kisiki tu. Mafuta makali yakimwagika kwenye ufizi au ulimi huunguza, na mtoto mdogo asipewe kabisa, kwani akiyameza yanaweza kudhuru ini. Mwambie daktari kwamba umeyatumia. Yujenoli huzuia baadhi ya simenti za kisasa, zile za utomvu wa kutengenezwa, zisigande sawasawa, na yeye atahitaji kusafisha kisiki vizuri zaidi au kuchagua simenti nyingine.

Kwa dawa za kumeza, mtu mzima anaweza kutumia paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini au mwili mdogo sana aulize kwanza. Ibuprofen miligramu 400 baada ya chakula, hadi mara 3 kwa siku, husaidia jino zaidi, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo, wala mjamzito. Ukiwa na homa usiyojua chanzo chake wakati wa dengue, baki na paracetamol. Aspirini usiibandike kwenye ufizi, inachoma nyama.

Amoksilini nayo haina kazi hapa. Kofia iliyotoka si maambukizi, na vidonge vinne vitano vya kununua rejareja havitaponya kitu.

Kuna dalili zinazobadilisha mambo yote: uso au shavu kuvimba, homa, usaha, kushindwa kufungua mdomo, kumeza kwa shida, au uvimbe mgumu chini ya kidevu na ulimi kuinuliwa juu. Hizo si za kungojea miadi. Ni za hospitali, usiku huo huo, kwa sababu uvimbe wa chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa.

Hatua ya 6: Kwenye kiti cha daktari

Peleka kofia hata kama unaiona imeharibika. Mwombe alipige jino picha ya eksirei kabla ya kugandisha chochote. Mtu anayechukua kofia, akaipaka simenti na kuirudisha bila kutazama mzizi na kingo, hajajibu swali la kwa nini ilitoka, na unaweza kumwambia hivyo kwa adabu: "Daktari, naomba tujue kwanza sababu." Daktari mzuri hatachukia. Kama humjui, una haki ya kuuliza usajili wake. Tanzania bara madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya lipo baraza la madaktari na madaktari wa meno. Uliza bei zote mbili mapema, ya kurudisha ya zamani na ya kutengeneza mpya, kwa kuwa zinapishana mno.

Uliye wilayani usidhani lazima upande basi hadi Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa. Kofia mpya huhitaji maabara, ndiyo, lakini kurudisha ya zamani kunaweza kufanywa na kitengo cha meno cha hospitali ya wilaya. Simenti ya glasi ayonoma, unga na kimiminika vinavyokorogwa hapo hapo na ambayo hutoa floridi, inafaa kugandishia kofia. Hiyo si simenti ngeni kwetu: njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila mashine wala umeme, inayotumia simenti hiyo hiyo, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikaenea duniani, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza glasi ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Piga simu kwanza uulize kama wanayo wiki hiyo.

Kofia yangu ilikuwa ya kundi la kwanza, tundu tupu. Daktari aliipangusa simenti ya zamani, akapiga picha, akaijaribu, akaigandisha, kisha akaniambia niume karatasi ya rangi. Alama ya buluu ikaonekana nzito pembeni. Akapunguza kidogo, nikauma tena. Usione haya kusema "bado inagusa". Wewe peke yako ndiye unayehisi. Siku hiyo nilikula laini, na kwa muda wa siku moja sikutafunia upande ule. Uzi wa meno siku za kwanza nauchomoa kwa pembeni, sio kwa kuuinua juu.

Aliniuliza pia kama nasaga meno usingizini, na mume wangu ndiye aliyejibu kwamba nasaga. Sasa navaa kinga ya plastiki usiku.

Ikitoka tena ndani ya miezi michache, usikubali kugandishwa mara ya tatu kwa simenti ile ile. Hapo aidha kisiki ni kifupi mno kushika, au kofia haikuwa saizi yake, au taya inaisukuma kila unapouma. Omba atengeneze upya, au akuandikie barua ya kwenda kwa bingwa wa meno bandia katika hospitali kubwa, na kofia uende nayo kwenye kiboksi chake.